Futi 6 na inchi 3 ndani ya Jimny

Mimi ni fundi wa pampu za visima Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, na gari langu la kazi ni Suzuki Jimny ya milango mitatu, ile ndogo ya cc 660. Wanaocheka wacheke. Mvua ikinyesha kwenye ule udongo mweusi kati ya Moroto na Kotido, mapikapu makubwa yanalala njiani, mimi napita. Kwa urefu wangu huo wa futi 6 na inchi 3, shida ilikuwa magoti. Yalibanwa na usukani hadi nikawa naendesha nimepanua miguu kama mtu wa bodaboda aliyepakata gunia la mkaa.

Ushauri wa bure ulikuwa mwingi. Ulionikera kuliko wote: "Mzee, uza hiyo, chukua Jimny ya cc 1300, ile ni pana." Nilikwenda na futi ya kupimia. Bodi ni ileile! Ile ndogo imejengwa kwa sheria ya magari madogo kule Japani, inayotaka upana usizidi mita 1.48. Ile ya injini kubwa imesogezwa magurudumu nje kidogo, ikabandikwa mbawa za plastiki juu yake. Kutoka mlango hadi mlango kiwiko hakipati kitu. Upana uliolipia unakwaruzwa na miiba.

Halafu kuna fundi wa Kampala aliyeniapia kwamba dawa ni kiti cha gari la saluni. Akakichomoa mahali, kizuri, kitambaa cha kijivu, akakilazimisha kuingia. Mlango ukagoma kufunga. Akakisukuma ndani, breki ya mkono ikazama ubavuni mwa kiti, ukitaka kuivuta lazima uingize vidole viwili kama unatafuta sarafu. "Utazoea, mzee." Reli zake nazo zilikuwa ndefu kwenda juu, kwa hiyo tuta la kwanza tu kichwa kikagonga paa, na yeye pembeni akauliza kama nimekaa vizuri. Kiti alibaki nacho. Hela pia, kwa bahati mbaya.

Kilichofanya kazi tulikifanyia Moroto, mimi na kijana mmoja wa kuchomelea. Kiti cha nyuma nilikitoa, hakuna abiria huko, ni mabomba na spana. Tukakata vipande vya chuma cha milimita 6, tukavitoboa, reli zikarudi nyuma kama sentimita 5. Kijana alitaka 10. Nikamkatalia: mkanda unatokea kwenye nguzo ya mlango, ukirudi mno haukulalii begani tena. Na klachi lazima uikanyage hadi mwisho mgongo ukiwa umeegemea. Jaribu hilo kabla ya kukaza chochote.

Sasa utamu. Chini ya bolti mbili za mbele tuliweka vipande vya paipu nene, kama sentimita 2, tukaziacha za nyuma. Kiti kikainuka mbele, mapaja yakapata pa kulala, makalio yakazama nyuma. Hapo ndipo maumivu ya kiuno yalipokwisha. Kumbe nilikuwa nabeba miguu yangu mwenyewe hewani kutwa nzima. Egemeo unalirudisha wima kidogo, maana nalo limelala. Kwa kuwa vyuma vilikuwa vimeniinua, nilifungua kitambaa nikachonga sponji ya chini kwa kisu cha jikoni. Chonga kidogo, kaa, chonga tena, sponji haioti.

Bolti msinunue zile laini za kwenye ndoo. Tafuta zilizoandikwa 8.8 au 10.9 kichwani, maana kiti kikichomoka kwenye ajali unaruka nacho. Yote pamoja haikufika laki mbili na nusu za Uganda, soda ya kijana ikiwemo.

Kilichobaki ni mguu wa kushoto. Uvimbe wa giaboksi umekula sakafu, na nyayo yangu ni namba 46. Aliyelitatua hilo bila kukata bati aniambie.