Mwalimu mkuu aingie darasani: uzoefu wangu Nachingwea

Ni miaka kadhaa sasa tangu nipewe ualimu mkuu wa shule ya msingi ya kijijini, wilayani Nachingwea. Wenzangu wanaopokea barua ya madaraka kwa mara ya kwanza huniuliza waanzie wapi, na jibu langu halijabadilika: ingia darasani, kaa dawati la nyuma, tazama mtoto anajifunza nini. Vyoo, madawati na taarifa za halmashauri vitakufuata hata usipovitafuta. Ufundishaji usipoufuata mwenyewe, hakuna atakayekuletea mezani.

Shule yetu ni ya kawaida kwa huku Lindi. Walimu hawatoshi, vyumba havitoshi, darasa la kwanza limefurika. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, kila mwanafunzi wa msingi ametengewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwaka. 6,000 zinaingia kwenye akaunti ya shule na 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu. Piga hesabu: shule ya watoto 400 inapata 2,400,000 kwa mwaka, laki mbili kwa mwezi. Hapo utoe chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, michezo na nauli ya kwenda mjini. Anayengoja fedha ndipo shule ibadilike atastaafu akingoja. Lakini kugawa vipindi, kumpanga mwalimu gani afundishe darasa gani na kulinda muda wa masomo ni kazi za mwalimu mkuu zisizohitaji hata senti.

Nilianza na darasa la tatu. Mimi na mwalimu wa taaluma tulikaa chini ya mwembe na kitabu cha hadithi cha darasa la pili, tukawaita watoto mmoja mmoja. Anayetambua herufi tu tulimwandika hivyo, anayeunganisha silabi hivyo, anayesoma neno, anayesoma sentensi, anayesoma hadithi na kueleza kilichotokea. Utaratibu huu si wetu. Mpango wa utafiti uitwao Uwezo uliutumia miaka mingi, watu wake walipokuwa wakizunguka majumbani kupima watoto nchi nzima. Matokeo yalituumiza. Kulikuwa na watoto wenye mwandiko safi, madaftari yamejaa alama za vema, lakini ukifunika ubao hawasomi hata jina la kijiji chao. Walikuwa wamejua kunakili. Mwalimu wa taaluma alitaka tutoe asilimia ili tuipeleke kwa Afisa Elimu Kata. Nilimwambia asilimia itakuja baadaye, kwanza nataka majina. Orodha ile ya majina, mbele ya kila moja kiwango cha mtoto, ndiyo iliyotuongoza mwaka mzima.

Uamuzi uliofuata ulileta maneno. Shule nyingi humweka mwalimu wao hodari darasa la saba, kwa sababu mtihani wa Septemba ndio unaotazamwa na wilaya, mkoa na wazazi. Mimi mwalimu wangu bora wa Kiswahili nilimtoa darasa la saba nikampa darasa la kwanza. Wapo waliosema nimemshusha cheo. Mzazi mmoja, mjumbe wa kamati ya shule, alinifuata ofisini: "Mwalimu, mwanangu anamaliza mwaka huu, sasa unamwondoa mwalimu wake?" Nilimwonesha ile orodha ya darasa la tatu, nikamweleza kwamba hao nao watafika la saba, na mwalimu hodari wa huko juu atawapokea wakiwa hawajui kusoma. Hakufurahi, ila kwenye kikao alinitetea. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili wa mwaka 2015 uliweka uzito kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu kwa sababu hii hii, na sioni vipi mtaala wowote utafanya kazi ikiwa hizo KKK zinaachiwa mwalimu yeyote aliyebaki.

Kuhusu kuingia darasani nataka niseme kwa kirefu, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapaogopa.

Mwalimu mkuu akiingia na fomu mkononi, mwalimu anaigiza. Andalio la somo linatoka limenyooka, watoto wanaojua wanaulizwa, kila mtu anapiga makofi, na wewe unatoka hujaona kitu. Kwa hiyo nilitanguliza somo langu. Nilijipa vipindi vya Kiswahili darasa la tatu, vikaandikwa kwenye ratiba ya ukutani kama vya mwalimu mwingine yeyote, nikawaomba walimu waje kukaa nyuma na kuniambia wanachokiona. Mwanzo walikuja wakikaa kwa adabu tu, wakasifu. Ila mwalimu mmoja kijana, wa darasa la pili, aliniambia kwa upole: "Madam, wale watatu wa dirishani hukuwagusa kabisa." Nilimshukuru mbele ya wenzake, na kipindi kilichofuata niliwaanza wale wa dirishani. Tangu siku hiyo kukaa nyuma ya darasa la mwenzako kukawa jambo la kawaida pale kwetu.

Ninapoingia kwa mwingine simtazami sana mwalimu. Nakaa na watoto wa nyuma. Nafungua madaftari yao. Nasikiliza nani anaulizwa na nani hajaulizwa, na naangalia dakika ngapi zinakwenda kunakili maelezo ya ubaoni. Kisha siku hiyo hiyo, kabla ya kengele ya mwisho, tunazungumza wawili peke yetu, na nazungumzia jambo moja tu. Mwalimu mmoja wa hisabati alikuwa na kawaida ya kuuliza "Tumeelewana?" na darasa zima linaitikia "Ndiyooo!" Jambo lake lilikuwa hilo. Tuliandika majina ya watoto kwenye vipande vya boksi, tukaviweka kwenye kopo la maziwa, akawa anachomoa jina na huyo ndiye anayejibu. Ndani ya wiki chache alikuja mwenyewe kuniambia kwamba sasa anajua nani hajui kukopa katika kutoa. Jambo la pili tulilizungumza baada ya hilo kutulia.

Nilipohudhuria mafunzo ya uongozi ya ADEM, wakala wa serikali wa Bagamoyo unaofundisha viongozi wa elimu, nilikuta jambo hili lina utafiti nyuma yake. Viviane Robinson wa New Zealand na wenzake walichapisha mwaka 2008 uchambuzi wa tafiti nyingi kuhusu viongozi wa shule. Lililobainika kuwa na uzito kuliko yote kwa ujifunzaji wa wanafunzi ni kiongozi kushiriki yeye mwenyewe katika kujifunza kwa walimu wake. Nidhamu na utulivu wa shule vilikuwa na mchango, lakini mdogo kuliko huo. Mwaka 2021 Jason Grissom na wenzake wa Marekani walionesha kwamba shule ikitoka kwa mkuu aliye chini ya wastani ikampata aliye juu ya wastani, watoto wananufaika kwa kiasi cha karibu miezi mitatu ya masomo kwa mwaka, hisabati na kusoma kote. Shule zao hazifanani na zetu. Wana vitabu, wana umeme, wana mwalimu kwa kila chumba. Kwangu hilo linaongeza uzito tu: pale ambapo vitu vimepungua, mtu anayepanga vile vichache vilivyopo ana nafasi kubwa zaidi ya kuokoa au kuharibu.

Kukaa nyuma peke yangu kusingetosha. Tuliweka saa moja kila wiki, baada ya vipindi, walimu wote wakiwa na madaftari ya watoto mezani. Huo ndio MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, na miongozo yake ipo. Niliwasihi wenzangu tusikae kuandika muhtasari wa kikao kisichokuwa na kazi. Tunachukua tatizo moja. Wiki fulani ilikuwa silabi za herufi nyingi: mbwa, nywe, ng'o, ndwe. Watoto walikuwa wakifika hapo wanakwama, na mtoto akikwama wiki mbili mfululizo anaanza kukisia. Kikao hicho kiliongozwa na yule kijana wa darasa la pili, mimi nikiwa mwanafunzi. Mwalimu wetu mkongwe, aliyebakiza muda mfupi kustaafu, alikuwa kimya kwenye vikao vya mwanzo; siku hiyo alisimama akatuonesha michezo ya silabi aliyokuwa akiitumia tangu ujana wake, ya vitendawili na nyimbo za kuruka kamba. Kwenye kabati la ofisi zilikuwepo pia moduli za EQUIP-Tanzania, mpango uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia 2014, na Lindi tulikuwa miongoni mwa mikoa yake. Mpango umeisha, moduli zinafaa bado. Tulizifuta vumbi tukazitumia.

Kutokana na vikao hivyo tulianzisha saa ya kusoma. Asubuhi baada ya mstarini, darasa la tatu na la nne wanachanganyika na kugawanyika upya kwa kiwango: wa herufi huku, wa silabi kule, wa hadithi chini ya mwembe wanasoma wenyewe na kusimuliana. Pratham, shirika la elimu la India, wamefanya hivi kwa miaka mingi. Nilichokazia mimi ni kwamba kundi la chini kabisa lipewe mwalimu mwenye subira kuliko wote na watoto wachache kuliko wote, na kwamba mtoto apimwe tena kila mwezi ili asigandishwe kundi moja akaanza kuitwa mjinga.

Muda wa masomo tuliulinda kwa mambo madogo: hakuna mtoto anayetumwa maji nyumbani kwa mwalimu wakati wa kipindi, na mwalimu mwenye shida ya mjini anaaga siku moja kabla ili nipange atakayeshika darasa lake.

Adui mkubwa wa muda huo hakuwa ndani ya shule. Alikuwa msimu wa korosho. Ukifika Oktoba familia zinahamia mashambani, zinalala kwenye vibanda huko huko, na watoto wanaondoka nazo. Upimaji wa darasa la nne unaangukia kipindi hicho hicho. Wapo pia wavulana wanaookota korosho kidogo kidogo na kuwauzia wanunuzi wa kangomba, yaani wa magendo, wanapata hela ya chipsi, na ladha ya hela ile inawatoa shuleni hata msimu ukiisha. Kuwatisha wazazi kwa mgambo hakujawahi kuleta mtoto anayekaa. Niliona niende walipo. Nilimwomba mwenyekiti wa kijiji na viongozi wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, wanipe nafasi kwenye mkutano wao wa kabla ya msimu, wazazi wakiwa wamejaa kuzungumzia magunia na minada. Nilikwenda na mwalimu wa darasa la nne. Hatukuhutubia juu ya umuhimu wa elimu, maana hakuna asiyeujua. Tuliuliza tu: mtoto akibaki kijijini, atakula nini na atalala kwa nani?

Mazungumzo yalikuwa marefu, na mazuri. Bibi na babu waliobaki kijijini walikubali kukaa na wajukuu. Wazazi walikubaliana kutoa mahindi wakati wa mavuno, kabla ya Oktoba, ili uji uwepo shuleni msimu wote wa korosho. Tuliomba mahindi badala ya fedha kwa makusudi, kwa sababu Julai mahindi yapo ghalani na fedha hakuna. Jumamosi watoto huwafuata wazazi shambani, wakasaidie kazi na kuwaona, Jumapili jioni wanarudi. Sio wote waliofuata makubaliano, na kangomba bado linatusumbua hadi leo; mtoto mwenye njaa ya kalamu na viatu ni vigumu kumkataza shilingi anayoiokota mwenyewe. Lakini darasa la nne lilianza kuwa na watoto mwezi wa Oktoba.

Jando na unyago tulivishughulikia kwa njia nyingine. Huku ni jambo la heshima, na mwalimu anayelikebehi hatasikilizwa tena kwa lolote. Viongozi wa mikoa ya kusini wamekuwa wakihimiza sherehe hizi zifanyike likizo za Juni na Desemba, ila shida yetu ilikuwa siku za mwisho: shule zinafunguliwa, wali, yaani watoto walioingizwa jandoni na unyagoni, hawajatoka. Nilikwenda kwa nyakanga wa kijiji, bibi anayesimamia unyago, pamoja na mwalimu mmoja wa kike, mwenyeji wa pale.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja kunifungia ngoma?"

Nikamwambia la, tumekuja na kalenda. Tulihesabu naye siku kuanzia kufungwa kwa shule, yeye akapanga siku ya kuingia na siku ya kutoka, akatuomba walimu tusimchape wala kumcheka mwali atakayerudi akiwa bado na haya. Tukakubali, na makubaliano hayo niliyasoma kikaoni. Sasa kila kalenda ya mihula inapotoka, nakala ya kwanza inapelekwa kwake.

Mwisho wa mwaka wa kwanza wa saa ya kusoma, wasiosoma kabisa darasa la tatu walibaki wachache, tukawafahamu mmoja mmoja: huyu haoni vizuri, huyu anahama hama kati ya mama na baba, huyu anahitaji mwalimu wa elimu maalumu ambaye hatuna. Wadhibiti ubora wa shule walipokuja, waliomba kuona maandalio ya masomo. Nikawapa, kisha nikawaomba wakae dawati la nyuma na mimi.

Yule kijana wa darasa la pili amepata uhamisho. Alikuwa ameshamzoesha mwenzake kuongoza vikao, naye ndiye anayeviongoza sasa. Mwaka huu tumeingia kwenye hisabati kwa utaratibu ule ule, tukianza na darasa la nne na jedwali la kuzidisha, na kikao cha walimu tumekihamishia Alhamisi kwa sababu Jumatano gulio linawachukua akina mama wa uji, na walimu wanalazimika kuwasaidia jikoni.