Mwanangu alikuwa halali usiku, kumbe ni chai

Jamani niwaambie hii maana imenitesa karibu miezi miwili. Mwanangu ana miaka 6, kilo 20, ikawa usiku halali, saa tano anageuka tu kitandani ananiambia "mama moyo unakimbia", af asubuhi saa kumi na moja na nusu namwamsha awahi basi la shule analia mpaka roho inaniuma. Nilidhani minyoo, nikampa dawa, wapi.

Siku moja nimewahi kurudi kazini nikamkuta na bibi yake, kikombe kikubwa cha chai ya rangi nyeusi tii na maandazi, saa kumi na mbili jioni, na kumbe saa kumi alishakunywa kingine. Kikombe kimoja cha chai ya majani kina kafeini, ile kitu inayofukuza usingizi, kama miligramu 40 hivi, ikikolea zaidi, na wataalamu wa chakula wa Ulaya wanasema mtoto asizidi miligramu 3 kwa kilo kwa siku, yani wangu 60 basi.

Nikamwambia mama mkwe kwa upole, akanielewa. Sikukata ghafla maana kichwa kingemuuma, wiki ya kwanza nikabakiza kikombe kimoja cha asubuhi tena chepesi, wiki ya pili nikaweka mchaichai, unachemsha na sukari kidogo, harufu ileile ya chai anayoipenda na kafeini hakuna. Soda za kola nazo nikaziondoa.

Siku ya kumi hivi saa mbili na nusu alishalala, kitabu kifuani.