Tulivyoizunguka Nagasaki kabla meli haijang'oa nanga

Meli yetu ilifunga gati Nagasaki saa moja asubuhi, na abiria tulitakiwa tuwe tumerudi kabla ya saa kumi jioni. Mimi na dada yangu hatukununua ziara ya basi iliyouzwa melini, kwa kuwa bei yake ilitushinda na tuliona muda mwingi ungeishia katika kungojana. Tuliamua kuanza na mahali palipo mbali zaidi, kisha turudi kidogo kidogo kuelekea bandarini, ili muda ukituishia tuwe tumeshaikaribia meli.

Kutoka gati la Matsugae ni mwendo wa dakika chache tu hadi kituo cha tramu. Abiria hupandia mlango wa nyuma, hushukia wa mbele na hulipa anaposhuka, na nauli ni ileile hata akienda umbali gani. Ili kufika Bustani ya Amani ilitubidi tubadilishe tramu katika kituo cha Shinchi, ambapo anayelipa kwa sarafu huweza kumwomba dereva karatasi ya kuunganisha safari. Mimi nilitumbukiza sarafu na kushuka mbio kana kwamba nashuka matatu, kwa hiyo nauli tukailipa mara mbili.

Bomu la atomiki lililipuka juu ya eneo la Urakami, ilipo bustani hiyo, tarehe 9 Agosti 1945, saa tano na dakika mbili asubuhi, kiasi cha mita 500 kutoka ardhini. Shuleni niliikariri tarehe hiyo kwa ajili ya mtihani. Katika makumbusho ya bomu hilo, jirani na bustani, nilisimama mbele ya saa ya ukutani iliyokwama dakika ileile, kisha mbele ya chupa za kioo zilizoyeyuka na kugandamana, na nikajikuta sisomi tena maelezo. Tulikuwa tumepanga kukaa humo saa moja. Tulikaa karibu mbili, na dada yangu ndiye aliyenishika mkono tukatoka.

Tramu ya kurudi ilitushusha Dejima, kisiwa kilichojengwa mwaka 1636 ili Wareno, walewale waliotuachia Ngome ya Yesu kule Mombasa, wazuiliwe humo. Miaka mitatu baadaye walifukuzwa Japani, na mwaka 1641 wakahamishiwa humo Waholanzi, waliobaki wakifanya biashara chini ya ulinzi kwa zaidi ya karne mbili. Leo bahari imefukiwa pande zote, kwa hiyo utakiingia kisiwa hicho usijue kama ni kisiwa.

Champon, tambi zinazosifiwa sana mjini humo, hupikwa kwa nyama ya nguruwe, kwa hiyo tulikula wali uliofinyangwa na samaki, tukanunua na kasutera, keki ambayo asili yake ni kwa Wareno haohao.

Karibu na kituo cha Ishibashi ipo lifti ya bure inayopanda mteremko wa kilima. Tuliipanda, tukaingia Bustani ya Glover kwa lango la juu, na tangu hapo tukawa tunateremka tu hadi kwenye nyumba ya mbao ya mfanyabiashara Thomas Glover, iliyojengwa mwaka 1863, ambako meli yetu ilionekana wazi chini bandarini. Kanisa la Oura, lililo jirani kabisa, tuliliona kwa nje tu. Zile dakika zake tulikuwa tumekwisha kuzitumia mbele ya ile saa iliyosimama.