Nguo ya kutundikia chuma

Usiku huu nawaza kiuno. Ajabu ni kwamba anayeanza kushona vazi la chini ya deraya, yaani mavazi ya chuma ya wapiganaji wa kale, huwaza unene kwanza, na kiuno hukikumbuka mwisho, chuma kikishamshuka hadi nyongani. Hununua pamba tele, akaitandaza kama godoro, akadarizi mistari, na akimaliza ana koti linaloweza kusimama lenyewe kwenye kona ya chumba.

Koti nene lilikuwa na zama zake. Kanuni za mafundi deraya wa London za mwaka 1322 zilitaka aketoni, yaani koti la kujazwa la chini ya deraya, iliyofunikwa kwa hariri ijazwe kitambaa kipya cha pamba, si matambara ya hovyo. (Jina hilo limetoka kwenye Kiarabu, al-qutn, yaani pamba yenyewe.) Lakini wakati huo kinga kubwa ilikuwa bado wavu wa pete za chuma, na wavu hubonyea na pigo, kwa hiyo mwili unahitaji mto. Deraya ya karne ya 15 ni ya bamba, yaani chuma kipana, na bamba hilo limefinyangwa kwa mzingo, na mzingo huo ndio unaotenga chuma na mbavu. Nguo iliyo chini yake ni ya kutundikia.

Deraya kamili ya vita ilikuwa na uzito wa kilo 15 hadi 25 hivi. Ile ya miguu hufungwa kwa vigwe kwenye nguo, chini kidogo ya kiuno. Nguo ikikibana kiuno sawasawa, pale penye mbonyeo juu ya mifupa ya nyonga, uzito unakaa juu ya nyonga. Ikilegea sentimita nne tu, mabega ndiyo yanayobeba deraya ya miguu, na baada ya nusu saa shingo inaanza kuuma. Kifua kiachie nafasi ya sentimita tano ili pumzi ipite. Kiuno usikiachie kitu. Kata kwanza nguo ya majaribio kwa kitambaa cha marekani, ivae, inua mikono yote miwili juu ya kichwa. Pindo likipanda, kosa liko kwapani.

Na kwapani ndipo kazi yote ilipo. Mkono wa shati la kawaida hautufai, maana kila ukiinua mkono unavuta mwili mzima wa nguo, na deraya ya miguu inafuata. Koti linalohusishwa na Charles de Blois, aliyewania utawala wa Brittany na kuuawa katika vita vya Auray mwaka 1364, limehifadhiwa Lyon, Ufaransa, na mkato wake ni somo tosha: tundu la mkono limechimbwa ndani sana kuelekea kifuani na mgongoni, kisha mkono umeongezwa vipande vya pembetatu ili utanuke kama faneli pale unapoungana na mwili. Ukiutandaza mezani unaonekana kituko. Ukiuvaa, bega linazunguka na kiuno hakisogei. Kosa la kawaida ni kupanua tundu kwa kushusha chini kikwapa, yaani sehemu ya nguo iliyo chini ya kwapa. Hapana. Kikwapa kibaki juu, karibu kabisa na kwapa. Kinachopanuliwa ni mbele na nyuma.

Kitambaa cha nje kiwe kitani kizito, au fastiani, ambayo mtande wake ni kitani na mshindio pamba. Ulm na Augsburg, miji ya Ujerumani, zilitajirika kwa kuifuma, na pamba yake ilitoka Syria kwa kupitia Venice. Tabaka mbili za nje na bitana moja zinatosha sehemu kubwa ya mwili. Pamba iwe nyembamba, na iwekwe begani na mgongoni juu tu. Kwenye kiwiko usiweke hata chembe: mkono ukikunjwa pamba inajikusanya, kibamba cha kiwiko kinahama mahali pake, na damu haipiti vizuri. Pamba za plastiki za kujazia mito ziache dukani, maana hazinyonyi jasho.

Iko hati ya Kiingereza ya karne ya 15, sasa imo katika Morgan Library, New York, inayoeleza namna ya kumvika mtu atakayepigana kwa miguu. Asivae shati, inasema, bali koti la fastiani lenye bitana ya satini, lililokatwa matundu kila mahali. Mimi nasoma matundu hayo kuwa ni ya hewa. Inataka pia vipande vya wavu wa pete vishonwe kwapani na kwenye mkunjo wa kiwiko, mahali bamba lisipofika. Vigwe vitengenezwe kwa uzi ule wa kamba za upinde wa mtambo, vipakwe nta ya washona viatu, ili visivutike wala kukatika. Vigwe vya ngozi laini huvutika vikilowa jasho, na deraya iliyokaa vizuri asubuhi inaning'inia mchana.

Vitobo vya kupitishia vigwe visitobolewe kwa mashine ya kukata duara. Ukikata nyuzi umeiondolea nguo nguvu palepale panapovutwa. Tumia msharasi wa mviringo, usukume nyuzi kando mpaka kitobo kifike milimita tano, kisha zungushia uzi wa kitani uliopakwa nta, mishono ishirini au zaidi iliyobanana. Anayeshona kofia za mkono zenye vitobo hatahitaji maelezo zaidi. Vikae jozi jozi, sentimita mbili na nusu kati ya kimoja na kingine, mbali na ukingo kwa sentimita mbili, na nyuma yake pitisha utepe wa kitani kuzunguka kiuno chote. Bila utepe huo bitana huanza kuchanika kwa mstari.

Mbele ya paja kigwe kikazwe; upande wa nyuma wa nyonga kiachwe kilegee kidogo, la sivyo mtu hawezi kuinama. Magoti ile hati inayafunga kwa vipande vifupi vya blanketi jembamba, ili chuma kisiyachubue. Na vipimo vya deraya vichukuliwe mtu akiwa ameshavaa nguo hii na amefungwa vigwe vyote.