Brandi iliyonuka yai viza: jinsi nilivyoiponya

Harufu ile ya brandi, pombe kali inayokenekwa kwa mvinyo, ni ya gesi ya salfa kutoka kwenye masimbi (mashapo) ya hamira, na mtambo wa kukenekea wa chuma cha pua hauinasi. Shaba huinasa, ndiyo maana mitambo ya Cognac, eneo la Ufaransa maarufu kwa brandi, ni ya shaba.

Nilihamisha lita 20 za mvinyo wa zabibu (pombe asilimia 12) kwa mpira, masimbi yakabaki chini. Nikaweka wavu wa shaba shingoni mwa mtambo, umelegea. Ukiushindilia mvuke hukosa njia, na chungu kinaweza kupasuka. Jiko liwe la umeme, kwani mvuke wa pombe hushika moto.

Mchemsho wa kwanza ulitoa lita 7 hivi, asilimia 30. Wa pili, wa kuzikeneka tena lita hizo, ndio wenye kazi: mililita 100 za mwanzo nilimwaga, na zilizofuata, zinazonuka kama dawa ya kuondoa rangi ya kucha, nikaziweka kando. Moyo, yaani sehemu safi ya katikati, nilikinga tone kwa tone, nikakata ulipofika asilimia 60. Chini ya hapo huanza harufu ya kadibodi iliyolowa.

Wavu ulitoka mweusi tii. Uoshwe kwa maji ya ndimu kabla ya kila mchemsho, maana shaba iliyochafuka hainasi tena. Mvinyo wa kukenekwa usitiwe metabisulfiti, dawa ya kuhifadhi mvinyo: mvuke wake hunuka kiberiti, na shaba haiuwezi. Kenya na Tanzania kazi hii inahitaji leseni.