Mwaloni unaovuna ukungu

Hapa Ventura, mji wa pwani ya California, ukungu wa Juni unapofunika pwani, majirani zangu hulalamika kwamba wamenyimwa jua. Mimi huufurahia, kwa sababu ng'ambo, kisiwani Santa Rosa, kuna mialoni inayoishi kwa ukungu huo.

Wataalamu huuita mwaloni huu Quercus tomentella. Kwa asili unaota katika visiwa vitano tu vya California na kimoja cha Mexico, Guadalupe. Zamani ulikuwepo bara pia, visukuku vyake vimepatikana huko.

Majani yake ni magumu, chini yana manyoya. Ukungu ukipita kwenye tuta, yaani mgongo wa kilima inakoota miti hii, matone hunasa majanini, huungana, hudondoka. Nilipokwenda kujitolea kupanda miche, mvua haikuwa imenyesha, lakini chini ya miti udongo ulikuwa umelowa. Hatua chache kando, vumbi tupu. Nimekulia Lushoto, ukungu naujua, ila sikuwahi kuona mti ukijinywesha waziwazi namna ile.

Ndiyo maana mabadiliko ya tabianchi yananitia hofu kwa mti huu kuliko mingine. Joto hukausha udongo upesi, na bahari ikipata joto ukungu unaweza kupungua. Mwaloni mmoja ukifa, maji uliokuwa ukiyavuna yanapotea nao, na mche ulio chini yake unabaki na kiu. Kuhamia juu penye baridi hauwezi, maana tayari uko juu ya tuta. Kokwa zake zikianguka hubingirika kushuka. Santa Cruz, kisiwa jirani, kuna ndege wa buluu wa jamii ya kunguru anayezibeba na kuzifukia huku na huko. Santa Rosa leo hayupo. Tena kokwa hizo hazihifadhiki ghalani kama mahindi: zikikauka zinakufa.

Kabla ya hayo yote kulikuwa na mifugo. Kondoo, kisha ng'ombe, walitafuna miche na kuvuruga udongo hadi ng'ombe walipoondolewa mwaka 1998. Kuna miti mizee iliyosimama mizizi ikiwa nje.

Sasa kwenye tuta zimesimamishwa nyavu za kunasa ukungu, na miche imepandwa chini yake. Wavu unafanya kazi ya mti mama mpaka mche uwe na majani ya kutosha. Napenda kazi hii, japo mgongo huuma. Kama uko kusini mwa California, Hifadhi ya Taifa ya Channel Islands, inayosimamia Santa Rosa, hupokea watu wa kujitolea. Chukua koti zito, upepo wa kule juu ni mkali.