Nilivyonunua nyumba ya kupangisha kwa hela ya uzeeni hapa Ohio

Nilipoacha kazi ya ghalani hapa Columbus, Marekani, niliacha na 401(k), akiba ya uzeeni ya kupitia kwa mwajiri, yenye dola elfu 80 na kitu, imelala kwenye hisa nisizozielewa, na mi nyumba naielewa, baba alitusomesha kwa pango la vyumba sita vya Mbagala. Kumbe kuna IRA, akaunti yako binafsi ya akiba ya uzeeni, ya aina unayoiongoza mwenyewe, hela ya uzeeni inanunua nyumba. Nikahamisha hela toka akaunti hadi akaunti moja kwa moja, usikubali cheki iandikwe jina lako, wanakata asilimia 20 hapohapo kwa ajili ya kodi na una siku 60 tu za kurudisha yote.

Nikapata kanyumba Toledo, 71,000, nikalipa keshi.

Kilichonisumbua kukizoea ni kwamba ile nyumba si yangu, ni ya akaunti. Hati ina jina la kampuni inayoitunza IRA, pango linaingia kule, sishiki hata senti. Mama alipokuja kututembelea nilitamani akae pale, haiwezekani, wewe, mwenza wako, wazazi, watoto na wenza wao hamruhusiwi hata mkilipa pango, ila mdogo wangu wa tumbo moja anaruhusiwa, hiyo ilinishangaza sana. Bomba likivuja sishiki spana, anaitwa fundi analipwa na akaunti. Ukikosea hapo IRS, watu wa kodi wa Marekani, wanahesabu umetoa hela yote mwaka huo, unatozwa kodi na kama hujafika miaka 59 na nusu wanaongeza asilimia 10.

Januari 2024 hita ikafa. Baridi ya huku jamani, mpangaji ana mtoto mchanga, fundi anataka 4,200 na akaunti ina 1,900, hela ninayo benki kwangu na siruhusiwi kumlipa! Nililia kwenye gari. Kilichoniokoa ni kwamba mchango wa mwaka ule, yaani hela mpya unayoruhusiwa kuongeza kwenye IRA, nilikuwa sijaugusa, kwa sisi tulio chini ya miaka 50 kikomo kilikuwa 7,000, nikachangia 3,000 kwenye IRA na siku ya tatu fundi akalipwa na akaunti. Siku zote hizo yule dada na mwanae walilala kwa ndugu yake, iliniuma.

Tangu hapo siruhusu akaunti ishuke chini ya 6,000, hata nikiletewa nyumba nzuri kiasi gani.